Jembe la Mhandisi Rubeni

Kama kuna maneno matatu yaliyokuwa yakimtibua nyongo Dorkasi Shemahonge, ni haya: lakini inafanya kazi. Ukimwambia hivyo anakutazama kwanza miguuni, halafu usoni, kama anayetafuta ni wapi hasa ulipoanza kuharibika. Kisha anakuuliza, "Inafanya kazi, au haijakuumbua bado?" Wala hangoji jibu. Jibu lako ameshalidharau kabla hujalitoa.

Watu wa Magamba, huku juu ya Lushoto ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, walimjua kama binti wa marehemu seremala wa misheni ya Mlalo, yule aliyekwenda chuo kikuu akarudi na kompyuta badala ya mume. Kazi yake hawakuijua. Wapo waliosema anawaandikia Wazungu barua. Jirani yake Hamza, mkulima wa karoti, alikuwa akiwaambia watu gulioni kwamba Dorkasi anatengeneza mashine ambazo hazipo. Dorkasi alipoyasikia hayo alicheka mpaka akakohoa, maana katika wote waliomsema, wakiwamo wenye digrii zao, Hamza peke yake ndiye aliyeukaribia ukweli.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua kompyuta moja kubwa, ile inayoitwa seva, na ndani yake unapanga kompyuta nyingi ambazo hazina chuma wala waya, kila moja ikiamini kwamba ina nyumba yake, saa yake na kumbukumbu yake. Hizo huitwa mashine pepe. Kwa lugha ya kazi, ile kubwa ni mwenyeji, na zile za ndani ni wageni. Mwenyeji anawapa wageni vyumba, anawalaza, anawaamsha, na anahakikisha mgeni wa chumba hiki hachungulii chumba kile. Msimbo wa mwenyeji, yaani yale maandishi yanayomwamuru la kufanya, ndio uliokuwa mikononi mwa Dorkasi. Hakuuandika yeye. Yeye alipewa kuusafisha, na kwa jinsi ulivyokuwa, afadhali angepewa kusafisha banda la nguruwe.

Makosa aliyoyatafuta yalikuwa ya aina moja, na ndiyo mabaya kuliko yote. Kosa la kawaida ni kuvunja sheria ukakamatwa. Hili lake ni la kufika mahali ambapo sheria haikusema kitu. Lugha ya C, iliyoandikiwa msimbo ule, ina kitabu chake cha kanuni, na humo mna mambo ambayo kitabu kinanawa mikono: ukifanya hili, mimi simo, litakalotokea ni lako mwenyewe. Leo utapata jibu zuri, kesho baya, keshokutwa mashine inaganda. Wasomi wana jina refu la jambo hilo. Dorkasi alikuwa na lake: "Hapo sheria imenyamaza." Na watu waliojenga nyumba mahali ambapo sheria imenyamaza, kisha wakajisifu kwamba haijaanguka, aliwahesabu pamoja na kuku.

Ulimi huo hakuupata chuoni, alizaliwa nao. Alipokuwa na miaka saba kule Mlalo, baba yake mdogo, mwinjilisti mpenda mayai, alikuja kuwatembelea, akakaa. Siku ya tano, mayai yameisha na kuku wenyewe wamekata tamaa, Dorkasi alimsogelea kwa adabu zote, akapiga goti. "Shikamoo baba mdogo," alisema. "Unaondoka lini?"

Mama yake, Secilia, alikuwa na mwiko mkononi, na mwiko ule ulimtua mgongoni kabla baba mdogo hajaitikia marahaba. "Mgeni haulizwi!" alifoka mama. "Unamkaribisha, unampa maji, unampa kiti, basi. Haulizwi!"

"Mbona mwalimu kasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?" Dorkasi alilia. Na kwa kuwa hata akilia akili yake haikulala, aliongeza, "Ni ya tatu yenyewe, au mpaka ya tatu iishe?"

"Ni ya tatu yenyewe," mama alijibu, maana swali la haki alilijibu hata akiwa na mwiko. "Lakini jembe linatolewa na mwenye nyumba. Wewe ni mwenye nyumba?"

Hakuwa mwenye nyumba. Neno lile likamkaa.

Alisoma, akafaulu, akashuka Dar es Salaam, akafanya kazi kwenye makampuni ya watu miaka tisa, akigombana na kila mtu aliyesema yale maneno matatu. Halafu mama Secilia, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Magamba, aliteleza kwenye njia ya utelezi akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Dorkasi akapanda mlima. Alipata mkataba wa mwaka mmoja na taasisi moja ya Dar, ambayo sina haja ya kuitaja, iliyokuwa ikiendesha seva za zahanati za milimani. Aliufanya akiwa nyumbani, mezani kwake, mama akiwa chumba cha pili na fimbo yake.

Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Taasisi ilikuwa na nafasi moja tu ya kudumu: mlinzi wa msimbo, ambaye hakuna badiliko linaloingia bila idhini yake. Akiipata, angebaki Magamba na mama yake. Akiikosa, angerudi mjini kuhangaika, na mama angepelekwa Mbeya kwa mwanawe wa kiume, Kristian, ambaye mkewe alikwisha kusema kwenye simu kwamba vyumba havitoshi. Mama Secilia alikuwa na miaka sabini na sita. Mbeya hakukuwa na mtu wa kuongea naye Kishambaa hata mmoja.

Mkurugenzi wa taasisi, Bi Scholastica, mama wa maneno machache, aliliweka wazi jambo hilo. Seva zilikuwa zinaganda. Kwa mwezi mzima sasa, bila taarifa, seva moja ya milimani ilikuwa ikisimama kimya, na wauguzi wakirudi kwenye madaftari wakati foleni ya akina mama na watoto inafika getini. "Atakayelitoa kosa hilo," alisema, "nikaliona jina lake kwenye rejista ya marekebisho, huyo ndiye nitakayemtangaza kwenye mkutano wa Lushoto."

Basi wajuaji wakaamka. Mmoja alisema ni umeme. Mwingine alisema ni unyevu wa milima. Wa tatu alisema ni panya, akaomba picha ya panya. Mtaalamu mmoja mwenye tai alishauri seva zizimwe na kuwashwa kila asubuhi, na ushauri huo, jamani, ukaandikiwa waraka na kupigwa muhuri. Dorkasi aliusoma waraka mara mbili ili aufaidi, kisha akautandika chini ya sufuria.

Yeye alisoma msimbo. Alisoma siku kumi na moja, mstari kwa mstari, na ya kumi na mbili akafika.

Kila mgeni humwomba mwenyeji amwamshe baada ya muda fulani. Hautaji muda wenyewe. Anatoa namba ndogo, na mwenyeji anachukua moja na kuisogeza kushoto hatua za idadi hiyo, kila hatua ikizidisha mara mbili. Ukisogeza hatua tatu unapata nane, ukisogeza hatua kumi unapata elfu moja na ishirini na nne. Lakini kisanduku cha kusogezea kina nafasi thelathini na mbili tu, na ile moja imeshakaa kwenye nafasi ya kwanza. Kwa hiyo mwisho wa safari ni hatua ya thelathini na moja. Ya thelathini na mbili haina pa kukanyaga. Hapo sheria imenyamaza.

Sasa palikuwa na mgeni mmoja mpenda usingizi. Kila alipokosa kazi aliomba alale muda mrefu kuliko wote, akatoa namba thelathini na mbili, na mwenyeji akaipokea kama ilivyo, bila hata kuiangalia mara mbili. Kwa miaka yote kompaila ya zamani, ile programu inayoyageuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine, ilikuwa ikijibu sifuri, na mwenyeji akaelewa kwamba mgeni hataki kuamshwa. Mwezi ule walileta kompaila mpya. Hiyo ilijibu moja. Mgeni aliyeomba kulala akawa anaamshwa kila kupepesa kwa jicho, mara elfu na elfu, na mwenyeji akawa hana kazi nyingine ila kumwamsha yeye. Wageni wengine wote wakafa njaa vyumbani, na seva ikaganda.

Dorkasi aliutazama mstari ule, akacheka peke yake. "Aliyeandika hapa kalelewa vizuri," alisema. "Kafundishwa mgeni haulizwi."

Akaangalia jina la mwandishi. Mhandisi Rubeni, wa makao makuu, miaka minne iliyopita. Akampigia simu, kwa wema kabisa, ili asije akasikia habari hiyo kwa watu.

"Dada Dorkasi," Rubeni alisema kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka, "mstari huo ni wa siku nyingi. Inafanya kazi."

Loo! Dorkasi alitafuta miguu ya kuitazama, simu haikuwa nayo. Akakata.

Aliandika rekebisho la mstari mmoja: namba ya mgeni ikiwa thelathini na mbili, au zaidi, ikataliwe. Na pembeni, mahali ambapo mwandishi huwaachia maelezo watakaokuja nyuma yake, akaandika: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Thelathini na mbili ndiyo siku ya tatu." Hakulipeleka kwenye rejista siku ileile. Yeye hakuwa mtu wa kutupa kitu mezani kwa watu bila kukionja. Alilitia kwenye mashine yake kuukuu iliyokuwa chini ya meza, akaiacha ijaribu siku tano mfululizo.

Siku ya pili ya jaribio, Mhandisi Rubeni akaja.

Alisema ametumwa kujifunza mazingira ya kazi. Alikuja na begi la magurudumu, ambalo njia ya Magamba ililing'oa gurudumu moja mapema, akalibeba begani kama gunia la viazi. Alimkuta mama Secilia kibarazani. Mama akamtazama, akangoja. Huku kwetu mtu wa umri ule hungoja neno moja tu, na hata mlevi wa gulioni hulikumbuka.

"Mambo vipi, mama?" alisema Rubeni.

"Karibu, mwanangu," alisema mama Secilia, akamwelekeza kiti. Kisha akamgeukia binti yake na kumwuliza kwa Kishambaa, "Huyu walimwokota?"

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Kuku alichinjwa, na firigisi ikawekwa juu ya sahani ya Rubeni, mahali pa heshima. Rubeni aliisukuma kwa ncha ya uma mpaka ukingoni, pamoja na mifupa. Mama Secilia aliiona firigisi ile pale ukingoni. Nadhani tangu siku hiyo hakuwahi kumsamehe.

Siku mbili alikaa kando ya Dorkasi, akiuliza. Hii ni nini, ile ni nini, hili umelijuaje. Dorkasi alimjibu yote, na kila jibu alilinyanyua kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alasiri ya siku ya pili, Rubeni alitoa kidude chake cha kuhifadhia mafaili. "Nipe hilo faili la rekebisho, dada," alisema. "Nikalipitie kwa utulivu."

La nini? Swali lilifika mdomoni likakaa mlangoni kabisa. Mama Secilia alikuwa amesimama na fimbo yake kwenye kizingiti, na jicho alilomtupia binti yake lilikuwa lile la mwiko. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye kichwa kinachozishinda kompaila, akafunga mdomo kama mtoto wa Mlalo. Akampa.

Siku ya tatu alfajiri Rubeni aliaga, akisingizia gari. Wageni wa namna yake hujua kuhesabu siku, ila kuhesabu kwingine ndiko kunakowashinda.

Jaribio lilikwisha salama. Dorkasi akafungua rejista apeleke rekebisho lake, akalikuta limeshafika. Lilikuwa na siku mbili. Mwandishi: Mhandisi Rubeni. Methali ilikuwa imefutwa, na mahali pake yakaandikwa maneno ya ofisini, "Uboreshaji wa uthabiti wa mfumo kwa ujumla wake." Chini, pongezi kumi na nne. Mkutano wa Lushoto ulikuwa kesho yake.

Alilia. Sitamficha. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ua unaopakana na karoti za Hamza, akalia kwa hasira mpaka mabega yakatikisika, akiiona Mbeya na mama yake amekaa kwenye kochi la watu wasiomtaka. Amwambie nani? Aliyeshuhudia akilitoa faili ni mama yake peke yake, na mama wa mtu si shahidi. Tarehe za kwenye mashine yake mwenyewe nani angeziamini? Angeonekana mwanamke mwenye kijicho, amekosa cheo anatafuta mwizi.

Hamza alimwona juu ya ua. "Dada Dorkasi, ile mashine isiyokuwapo imeharibika?"

"Imeibwa," alisema Dorkasi.

"Kitu kisichokuwapo kinaibwaje?" Hamza alishangaa kweli.

Swali lile lilimrudisha ndani. Kitu kisichoonekana, mwizi anajuaje kakichukua chote? Akalifungua tena rekebisho la Rubeni, safari hii akalisoma kama anavyosoma vya watu, herufi kwa herufi. Na hapo machozi yakakatika. Mhandisi alikuwa amelirekebisha rekebisho. Dorkasi aliandika kuanzia thelathini na mbili ikataliwe, Rubeni akageuza alama, ikawa zaidi ya thelathini na mbili. Alifikiri, mwenyewe, kwa ubongo wake wa digrii, kwamba kisanduku chenye nafasi thelathini na mbili hakiwezi kushindwa na namba thelathini na mbili. Yaani kampa mgeni jembe siku ya nne. Na mgeni mpenda usingizi alikuwa akitoa thelathini na mbili kamili, si pungufu wala zaidi.

"Hata kuiba hajui," alisema Dorkasi, akaenda kumkandia mama yake nyonga.

Mkutano ulifanyika Lushoto mjini, ukumbini. Bi Scholastica alikaa mbele na karatasi yake ya uteuzi. Walikuwapo watu wa makao makuu, na wauguzi wachache wa zahanati, mmoja wao Mwajuma, mwanamke wa sauti kubwa aliyeshuka mlimani tangu asubuhi. "Dorkasi," alisema Bi Scholastica akifungua, "leo tumekuja kwenu. Wewe ndiye mwenyeji wetu. Wakaribishe wageni."

Dorkasi alisimama, akawakaribisha kwa mpangilio wote, akakaa. Neno mwenyeji alilishika kama mtu anayepokea funguo.

Rubeni alisimama na kompyuta yake, picha zikapigwa ukutani. Alisema changamoto. Alisema uthabiti. Alisema kwa mapana na marefu yake. Alisema "nilikesha" mara tatu. Debe tupu haliachi kuvuma, na ukumbi ule ulikuwa na mwangwi mzuri.

"Mhandisi," Mwajuma alimkatiza, "mbona kwetu imeganda tena jana? Na juzi?"

"Huo utakuwa umeme, dada," Rubeni alimjibu kwa huruma.

Bi Scholastica alichukua kalamu. "Kabla sijatangaza mlinzi wa msimbo, kuna swali?"

"Ninalo moja," Dorkasi alisema, akasimama. "Mhandisi alikuwa mgeni wangu juzi juzi. Alikaa siku zake mbili na sikumwuliza kitu. Naomba nimwulize leo."

"Uliza tu, dada yangu," alisema Rubeni, akitabasamu kwa ukumbi.

"Ukichukua moja, ukaisogeza kushoto hatua thelathini na mbili kwenye kisanduku cha nafasi thelathini na mbili, unapata nini?"

Rubeni aliwageukia watu wa makao makuu kama anayeomba radhi kwa niaba ya swali. "Unapata sifuri. Imetoka nje ya kisanduku. Hili hata mtoto wa mwaka wa kwanza analijua."

"Tuandike kwenye kompyuta yako, isije ikasemwa yangu ina majini."

Iliandikwa, mistari michache, ukumbi mzima ukitazama ukutani. Ikaendeshwa. Ukutani ikatokea moja.

Rubeni alijikohoza. "Ndiyo, ni moja. Inazunguka inarudi mwanzo. Niliteleza ulimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hii ni hakika kama ile ya kwanza, au hii ni nyingine?"

Mtu wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Dorkasi hakugusa hata herufi moja ya programu. Aliiamuru kompaila tu iinoe programu ile ili iende kwa kasi zaidi, akaendesha tena. Ukutani ikatokea sifuri.

"Programu ileile, mashine ileile, ya kwako," alisema. "Nishike lipi, Mhandisi?"

"Kompaila hii ni mbovu," alisema Rubeni. Jasho lilikuwa limemtoka, na Lushoto asubuhi ile watu walikuwa wamevaa masweta.

"Kompaila ni nzima. Jibu ni kwamba hakuna jibu. Hapo sheria imenyamaza, kwa hiyo mtu hapiti hapo kabisa. Aliyelifikiri rekebisho lile kwa kichwa chake angelijua hilo kabla ya jina lake mwenyewe. Lakini rekebisho lililo kwenye rejista linairuhusu thelathini na mbili ipite, ndiyo maana kwa dada Mwajuma imeganda jana."

"Lifungue," alisema Bi Scholastica. Likafunguliwa. Aliinama mbele, akaitazama ile alama. "Rubeni, kwa nini umeandika zaidi ya thelathini na mbili, hukuandika kuanzia thelathini na mbili?"

"Nilijaribu, mkurugenzi," alisema Rubeni, na sauti yake sasa haikuwa na kiti kinachozunguka. "Nilitia arobaini, ikakataliwa. Inafanya kazi."

Dorkasi alimtazama miguuni. Viatu vilikuwa vizuri, vya ngozi. Halafu akamtazama usoni.

"Lako unalo?" Bi Scholastica alimwuliza Dorkasi. Alikuwa nalo. Likawekwa ukutani, na mkurugenzi akayasoma yale maelezo ya pembeni kwa sauti, polepole, hadi mwisho: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, thelathini na mbili ndiyo siku ya tatu.

"Ala!" Mwajuma alipiga paja. "Kumbe ni hivyo tu? Ya tatu yenyewe, si ya nne!" Hakujua hata herufi moja ya lugha ya C, na alikuwa ameelewa yote.

Bi Scholastica hakuuliza nani kamwibia nani. Aliilaza karatasi yake mezani, akakata jina, akaandika jingine juu yake, akasema, "Mlinzi wa msimbo ni Dorkasi Shemahonge. Atafanyia kazi hukuhuku. Rubeni, kuanzia leo kila unachoandika kinapita kwake."

Wakati wa chai Rubeni alimfuata pembeni, kikombe mkononi. "Dada, si vizuri. Ungeniambia faragha. Umenidhalilisha mbele za watu."

"Ulipokuwa kwangu nilitaka sana kukuuliza," Dorkasi alimwambia. "Nikakumbuka mgeni haulizwi. Andazi chukua, safari ni ndefu."

Alipanda Magamba mchana ukungu ukianza kushuka. Jikoni palikuwa na harufu ya kuku. Mama Secilia alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha, anakoroga. Kristian alikuwa amepiga simu kuuliza kama aanze kutafuta nafasi ya gari, na mama alikuwa amekata simu bila kumjibu. Alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa hupika. Hakugeuka. Walipokuwa wawili walizungumza Kishambaa chao.

"Mgeni wako yule umemwona?"

"Nimemwona."

"Umempa jembe?"

"Nimempa, mama."

"Akalima?"

"Hata kulishika hajui."

Mama Secilia aliacha kukoroga. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda Dorkasi hakujua kama analia au anacheka. Kisha akauzamisha mwiko chunguni, ule mwiko, akatafuta tafuta, akaitoa firigisi na kuiweka juu ya sahani ya binti yake.

"Kula," alisema, "mwenye nyumba."